Kabla Hujachapa Jezi: Mwongozo kwa Timu ya Chuo Kikuu Mjini Likasi

Ndugu yangu wa komiti ya michezo, najua mchoro tayari uko ndani ya simu yako: tai amekunjua mabawa, mpira uko chini ya kucha, herufi za chuo zimemzunguka. Fundi wa Kikula amekwisha kutaja bei, na wachezaji wanataka jezi, maillot kama tunavyosema hapa kwetu, kabla ya mechi ya Jumamosi. Nakuomba umwambie fundi asubiri kidogo. Kabla ya jezi kuna jina, na kabla ya kulichapa jina kuna swali ambalo komiti nyingi hulikimbia: jina hili ni mali ya nani?

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilipokuwa mwanafunzi tulichapa fulana zenye nembo aliyotuchorea mwenzetu bure, kwa mapenzi. Msimu wa pili timu ikaanza kushinda, fulana zikanunuliwa, na mwenzetu akaja kudai chake. Hatukuwa na karatasi hata moja. Haki ilikuwa upande wake. Sisi tulibaki na fulana 80 ndani ya mifuko ya plastiki, zisizouzika, na urafiki wa miaka mitatu ulivunjika siku ile.

Jina lisiwe la kuazima

Sisi watu wa Likasi tunajua jinsi majina yanavyowekwa na kuondolewa. Hadi mwaka 1966 mji huu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji wa kampuni ya madini ya Union Minière. Mwaka 1971 jimbo lote likapewa jina la Kiswahili, Shaba, na mwaka 1997 likarudia Katanga. Vyuo navyo havikupona. Chuo kikuu kilichofunguliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956 kilimezwa mwaka 1971 na UNAZA, chuo kimoja cha taifa zima, kikatoka humo miaka 10 baadaye kikiitwa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Anayechagua jina la timu hapa anachagua huku akijua kwamba vibao hubadilishwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kilomita 120 kutoka hapa, Lubumbashi. Mwaka 1939 wamisionari Wabenedikto walianzisha timu, wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul. Kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya Kibelgiji ya matairi. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, ikajiongezea Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Enzi za Mobutu, majina ya kigeni yalipofutwa, ikawa TP Mazembe. Sasa fungua orodha ya mabingwa wa Afrika. Vikombe vya 2009, 2010 na 2015 vimeandikwa Mazembe. Vile vya 1967 na 1968, ambavyo babu zetu walivishangilia hadi sauti zikakauka, vimeandikwa Englebert. Ushindi ulikuwa wa vijana wa Katanga, na jina lililobaki kitabuni ni la muuza matairi.

Kwa hiyo kampuni ya madini ikija na hela na kusema iko tayari kuvalisha timu nzima mradi timu iitwe kwa jina lake, mpe kifua cha jezi. Mpe mgongo, mpe mkono wa kushoto, mpe bango uwanjani, na kila nafasi iwe na bei yake na mwaka wake wa kwisha. Jina usimpe. Kifua cha jezi hubadilika kila msimu na hakuna anayelia. Jina likibadilika, kila mwenye fulana ya zamani anageuka mgeni katika timu yake.

Jirani wa Mazembe anafundisha jambo la pili. Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, nayo ya mwaka 1939, ina jina la mtakatifu msimamizi wa mafundi wa chuma. Unaweza usijue lolote kuhusu watakatifu, lakini jina lile lilitoka kwenye kazi ya watu waliokuwa wakilishangilia. Nenda nawe ukachimbe karibu na nyumbani. Una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Panda imekwisha kuwa jina la timu, ile Panda B52. Una shaba, una malakiti, una reli, una moshi wa Shituru uliowaamsha wazee wetu asubuhi.

Mimi ningechagua Walashaba, na nitakueleza kwa nini ili uone namna ya kulipima jina, hata kama lako litakuwa lingine. Kabla ya kampuni yoyote kufika hapa, mafundi wa Wasanga na jirani zao waliyeyusha shaba kwa matanuri ya udongo, wakaitwa wala shaba: watu wanaoishi kwa shaba kama wengine wanavyoishi kwa muhindi. Jina lina historia ambayo hakuna mdhamini anayeweza kuidai. Lina silabi nne, wa-la-sha-ba, zinazokaa juu ya ngoma bila kusukumwa. Hilo lipime kwa kweli: simama na watu 20 nyuma ya goli, imbeni kwa dakika 5, mtajua. Jaribio hilohilo litakuonyesha kasoro. Ukiliandika kwa maneno mawili, msomaji wa haraka ataona neno wala la kukataa, kisha shaba. Liandike neno moja.

Tena Kiswahili hakina jina la kiume na la kike. Timu ya wasichana itaitwa Walashaba vilevile, bila kubandikwa neno la pili linaloifanya ionekane mkia wa timu ya wavulana. Si jambo dogo. Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na jina walilolibeba lilikuwa lilelile la kaka zao. Chagua jina ambalo dada zako wanaweza kulivaa kuanzia siku ya kwanza.

Wanyama wakali ningewaacha. Simba wako Dar es Salaam, wako Kolwezi, wako kila mtaa. Jina la kila mtu ni gumu kulilinda mbele ya sheria, na anayekutafuta kwenye intaneti atafikishwa kwa mwingine. Wenzetu wa vyuo vya Afrika Mashariki waliliona hilo katika raga: Chuo Kikuu cha Nairobi wana Mean Machine, Kenyatta wana Blak Blad, Makerere wana Impis. Ukisikia jina unajua ni nani, huhitaji kuambiwa ni la chuo gani. Faida nyingine ya jina la namna hiyo ni kwamba chuo kikibadilishwa kibao, timu haizami pamoja nacho. UNILI, kifupi cha Chuo Kikuu cha Likasi, ni herufi za ofisi. Ziandike ndogo chini ya nembo, na jina lenyewe lisimame peke yake.

Ukitaka jina la ukoo au la utawala wa jadi, kwa mfano Bayeke, nenda kwanza kwa mfalme au chifu mwenyewe, ukiwa na mzee wa kukutambulisha, uombe. Kule Marekani Chuo Kikuu cha Florida State kinaendelea kutumia jina la Seminole kwa sababu kabila lenyewe la Seminole wa Florida lilitoa kibali chake. Chuo Kikuu cha Stanford, ambacho timu zake ziliitwa Wahindi Wekundu, kililiacha jina hilo mwaka 1972 baada ya wanafunzi wa asili hiyo kulalamika.

Nembo na rangi

Rangi zetu zimelala ardhini: kijani cha malakiti na wekundu wa shaba. Hakuna mji unaoweza kutuambia tumeiga. Ila usimruhusu mchapaji akupe wino wa kumetameta ati ndiyo shaba halisi. Juu ya kitambaa wino ule hupasuka mapema, na ukipigwa picha huonekana kijivu. Chukua rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea kahawia, iandikie namba yake ya kuchapia, na kila fundi apewe namba hiyo pamoja na kipande cha kitambaa cha mfano. Usipofanya hivyo, kufikia Desemba utakuwa na shaba za aina sita. Na bukta nyeupe ziache kwa wanaocheza kwenye nyasi. Udongo wetu mwekundu hautoki.

Msalaba wa shaba, ile kruazeti iliyokuwa fedha ya mababu, utakuvutia, na unastahili. Lakini kuwa mwangalifu. Bendera ya Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963 ilikuwa na misalaba mitatu ya namna hiyo, na watu wengi hapa bado wanaikumbuka, wengine kwa fahari, wengine kwa machungu. Ukiweka mitatu juu ya nyekundu, nyeupe na kijani, umeingia siasa bila kukusudia, na siku moja polisi wa kizuizi cha barabarani atamuuliza mchezaji wako swali asilolijua. Weka mmoja, peke yake, kwa rangi zako.

Kisha ijaribu nembo. Ichapishe iwe na upana wa sentimita 3, kama itakavyokaa kifuani. Itoe fotokopi nyeusi na nyeupe, kwa sababu itapita kwenye barua na mihuri ya chuo. Mpe fundi wa kudarizi aishone mara moja. Mistari myembamba na herufi ndogo zitapotea palepale, na ni afadhali zipotee kwenye kitambaa kimoja kuliko kwenye jezi 200.

Karatasi mbili

Karatasi ya kwanza ni ya mchoraji. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi wa Kongo, inamtambua mtu aliyechora kuwa ndiye mwenye kazi yake, hata kama wazo ulimpa wewe, hata kama karatasi na rangi ulinunua wewe. Heshima ya kutajwa kuwa mtunzi haiuzwi, inabaki kwake. Kinachoweza kuhamishwa ni haki ya kuitumia kazi na kupata fedha kutokana nayo, na hiyo ihamishwe kwa maandishi. Andikeni ukurasa mmoja: mchoro wenyewe ubandikwe humo, vitajwe vitu ambavyo utachapwa juu yake, fulana, kofia, vitenge, vikombe, madaftari, mabango, kurasa za intaneti, itajwe nchi, muda, na malipo. Mlipe. Hata dola 50 zilizolipwa na kutiwa sahihi zina uzito kuliko ahadi ya kukumbukana. Kama alichora kwa programu ya kompyuta ya kutengeneza picha, mwombe pia mafaili ya asili, maana picha iliyotumwa kwa WhatsApp haiwezi kukuzwa vizuri.

Karatasi ya pili ni ya usajili. Alama za biashara Kongo zinaongozwa na Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na maombi hupelekwa Kinshasa, kwenye idara ya mali ya viwandani ya Wizara ya Viwanda. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kurudiwa kila unapokwisha. Anayewahi kuandikisha ndiye anayepata haki. Mfanyabiashara yeyote aliyeona timu yako ikijaza uwanja anaweza kulipeleka jina Kinshasa kabla yako, nawe ukaanza kumwomba ruhusa ya kuvaa jezi yako mwenyewe.

Utaulizwa jina litumike kwa bidhaa zipi. Dunia nzima hupanga bidhaa kwa madaraja yenye namba, nawe huhitaji yote. Nguo na kofia ziko daraja la 25. Vitambaa, ndipo walipo vitenge vyako, daraja la 24. Madaftari na kalamu 16, mabegi 18, vikombe 21, elimu na michezo 41. Kila daraja linaongeza gharama. Kama fedha ni kidogo, anza na 25 na 41, mengine yafuate timu ikishapata wateja.

Na jina la nani liandikwe kama mwenye alama? Hapa ndipo ninapokusihi usikilize. Lisiwe lako, hata kama ulitoa nauli ya faili. Lisiwe la kocha wala la rais wa komiti ya wanafunzi. Komiti hubadilika kila mwaka, na komiti yenyewe si mtu mbele ya sheria. Liandikwe kwa jina la chuo, kwa kibali cha rekta kilichotiwa sahihi. Au muunde chama kisicho cha faida chini ya Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, chenye wanafunzi, walimu na wahitimu ndani yake, na chuo kikipe chama ruhusa kwa maandishi. Mimi napenda njia ya pili pale ambapo fedha za chuo huchelewa, maana chama kinaweza kuwa na akaunti yake na kununulia timu mipira wiki ileile. Lakini mkataba kati ya chama na chuo useme wazi: chama kikifa, jina linarudi chuoni.

Jambo moja kuhusu mipaka. Kongo haimo katika miungano ya Afrika ya kulinda alama na uvumbuzi, yaani OAPI, hasa ya nchi zinazotumia Kifaransa, wala ARIPO, hasa ya zile za Kiingereza, kwa hiyo usajili wa Kinshasa unalinda Kongo tu. Ukichapisha Zambia na kuvusha mzigo Kasumbalesa, aliyeko ng'ambo ya mpaka hafungwi na karatasi yako. Mwekee sharti kwenye mkataba kwamba hatauza hata kipande kimoja kwa mwingine, na mabati ya kuchapia yarudi kwako.

Leseni: kumruhusu mwingine auze

Leseni ni ruhusa ya maandishi. Unamwambia fundi: chapa jina letu juu ya vitu hivi, mahali hapa, kwa muda huu, na kwa kila kimoja utupe mrabaha, yaani sehemu ya bei. Jina linabaki lako. Vyuo vya Marekani vilichelewa kulielewa jambo hili. Husimuliwa kwamba mwaka 1973 ndipo UCLA ya Los Angeles ilipompa leseni mtengeneza saa, na mwaka 1981 Bill Battle, aliyewahi kuwa kocha wa mpira wa Kimarekani, akaanzisha kampuni ya kusimamia leseni za vyuo vingi kwa pamoja. Huku Afrika, klabu za Simba na Yanga za Dar es Salaam hukabidhi jezi kwa mzabuni mmoja mkubwa. Mwaka 2021 Simba walimpa kazi hiyo Vunja Bei. Mzabuni mmoja anafaa timu yenye mashabiki nchi nzima. Wewe una wanafunzi, wazazi wao na mtaa. Ukimpa mtu mmoja kila kitu, akikwama yeye umekwama wewe.

Ningegawa hivi. Jezi ya mechi apewe fundi mmoja, kwa msimu mmoja, kwa sababu lazima zifanane. Fulana, kofia, vitenge na madaftari viwe wazi kwa kila fundi wa Kikula, wa Panda, wa Shituru anayekubali masharti. Mafundi hao ndio watakaokulindia jina, maana kila bandia inayouzwa sokoni inawapunguzia wao.

Mrabaha wenyewe usiungoje mwisho wa mwezi. Tuseme fulana inamgharimu fundi dola 6, anamwachia muuzaji kwa 10, na muuzaji anaiuza 15. Asilimia 10 ya bei ya fundi ni dola 1. Ukisubiri fundi akuletee hesabu ya alizouza, mtagombana, naye huenda asiwe mwizi, huenda hana daftari. Badala yake tengeneza lebo ndogo za kitambaa zenye nembo na namba, 0001, 0002, kuendelea. Fundi anazinunua ofisini kwa dola 1 kila moja kabla ya kushona, na kuzishona ndani ya shingo. Aliyenunua lebo 300 amekwisha kulipa dola 300, hamna ukaguzi, hamna ugomvi. Mnunuzi naye anajua: isiyo na lebo si yetu. Malipo yapite kwenye namba ya simu ya chama au akaunti ya chuo iliyo chini ya msimamizi wa bajeti, kamwe yasipite kwenye namba ya mtu binafsi, hata kwa siku moja.

Mkataba uwe mfupi, kwa lugha ambayo fundi anaisoma. Kifaransa kwa ajili ya ofisi na Kiswahili kwa ajili yenu wawili, na useme ni upi utakaofuatwa mkitofautiana. Utaje kwamba sampuli moja itakubaliwa na kutiwa sahihi kabla ya kazi kuanza, na ibaki kabatini kwako. Utaje kitakachofanyika kwa mabaki muda ukiisha. Siku 60 za kuyauza zinatosha. Utaje vitu ambavyo jina haliwekwi: sigara, pombe, na fulana za uchaguzi. Hilo la mwisho lisimamie kwa nguvu zote. Wakati wa kampeni atakuja mgombea mwenye hela, atataka nembo yenu karibu na uso wake, na nusu ya wachezaji wako watapiga kura kwingine.

Mchezaji naye ana sura yake. Ukitaka kuuza bango lenye picha ya mshambuliaji, au fulana yenye jina lake mgongoni, muombe kwa maandishi na umgawie. Ed O'Bannon alichezea UCLA mpira wa kikapu. Miaka mingi baadaye alijikuta ndani ya mchezo wa kompyuta, umbo lake na namba yake, bila kupewa senti. Alishtaki mwaka 2009, na kesi yake ni moja ya zilizofungua njia hadi mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani waliporuhusiwa kulipwa kwa majina yao. Mchezaji wako pengine analala chumba cha watu wanne na anakula mara moja kwa siku. Senti 50 kwa kila bango ni zake.

Utakapoona bandia

Usianze na polisi. Nenda sokoni mwenyewe, mchana, ukiwa na fulana ya kweli mkononi. Msalimie mama au baba anayeuza, muulize kanunua wapi. Wauzaji wengi hawajui kwamba jina lina mwenyewe. Wanajua tu kwamba linauzika, na hiyo ni sifa kwako. Mwonyeshe lebo, mpe jina la fundi aliye na leseni, mwachie amalize alizonazo kama ni chache. Mtengenezaji ndiye wa kutafuta. Naye mwite kwanza ofisini, mpe nafasi ya kununua lebo. Akikataa, mpelekee barua yenye nakala ya cheti cha usajili, iliyopokewa na kutiwa sahihi, na ya pili ipitie kwa wakili. Bila cheti kile barua yako ni malalamiko tu.

Mambo haya yote yaishi ndani ya boksi moja la chuma, si kwenye simu ya mtu: cheti cha Kinshasa, karatasi ya mchoraji, kibali cha rekta, mikataba ya mafundi, ruhusa za wachezaji, sampuli, namba za rangi, na daftari la lebo. Funguo ziwe mbili, moja kwa chuo na moja kwa komiti. Siku ya makabidhiano komiti mpya ihesabu kila karatasi mbele ya ile ya zamani na kutia sahihi. Na juu ya kifuniko, kwa rangi isiyofutika, andika tarehe ambayo miaka 10 ya usajili inakwisha. Watakaolifungua siku hiyo leo wako shule ya msingi.